Kisanduku Chenye Mng'ao wa Kaure: Photoshop, GIMP au Photopea?

Kila mwaka kaskazi inapokaribia kuvuma na wageni kuanza kushuka jetini, wenye nyumba za wageni za Mkomani na Shela huzikumbuka tovuti zao. Mmoja anataka bei mpya ziwekwe, mwingine ana picha za paa lililoezekwa upya kwa makuti, na wengi wao, baada ya kuona tovuti ya jirani, wanataka nao "kile kisanduku kinachong'aa": mstatili wenye kona zilizoviringwa, rangi inayokolea kadiri inavyoshuka, na mwanga mweupe uliolala juu yake kana kwamba kimetengenezwa kwa kioo. Vijana wanaozifanya kazi hizi hapa Lamu huulizana swali lile lile, nami nimeulizwa mara nyingi kiasi cha kuona afadhali nilijibu kwa maandishi: kisanduku hicho kichorwe kwa programu ipi ya picha: Photoshop, GIMP au Photopea?

Mtindo wenyewe umepanda na kushuka. Apple iliutangaza mwaka 2000 kwa sura ya Aqua ya Mac OS X, yenye vitufe vilivyofanana na matone ya maji. Microsoft ikaja na vioo vya Aero katika Windows Vista mwaka 2007. Na katika miaka hiyo tovuti zilizotaka kuonekana za kisasa zilijaa vitufe na visanduku vya kung'aa. Mwaka 2013 Apple hiyo hiyo iliuondoa mng'ao katika iOS 7 na kuleta sura bapa, wabunifu wengi wakaelekea huko, hadi mwaka 2025 kampuni ilipouleta tena mwanga na uwazi wa kioo kwa jina la Liquid Glass. Kwa hiyo mteja anayeomba kisanduku cha kung'aa leo asichekwe kuwa amepitwa na wakati. Aulizwe tu anataka kisanduku hicho kibebe nini, na ni nani atakayekibadilisha baadaye.

Vigezo vya kulinganisha

Programu zote tatu zinaweza kutoa mng'ao wa kuridhisha, na ukiwekewa mbele visanduku vitatu vilivyochorwa na fundi mmoja, hutaweza kusema kipi kimetoka wapi. Kuzilinganisha kwa uzuri wa matokeo, basi, ni kupoteza wakati. Nimezipima kwa mambo manne: gharama yake na aina ya kompyuta inayohitajika, jinsi umbo na mng'ao vinavyojengwa, urahisi wa kurudi na kurekebisha baada ya wiki au miezi, na namna kisanduku kinavyotolewa kwenda kwenye tovuti. Mambo mawili ya mwisho nayapa uzito mkubwa kuliko mawili ya kwanza, kwa sababu kisanduku cha tovuti si picha ya kutundikwa ukutani: maneno yaliyomo yatapungua na kuongezeka, bei zitabadilika, na kimo kilichotosha leo hakitatosha kesho.

Ili mizani iwe moja, nilichora kisanduku kimoja katika zote tatu: upana wa pikseli (vitone vinavyounda picha) 640, kimo cha pikseli 420, kona zenye nusu kipenyo cha pikseli 16, rangi ya buluu ya mkondo wa bahari, mng'ao mweupe katika sehemu ya juu, mstari mwembamba wa mwanga kwenye ukingo, na kivuli laini chini yake.

Gharama na kompyuta

Photoshop ya Adobe, iliyotoka kwa mara ya kwanza mwaka 1990, haiuzwi tena kwa malipo ya mara moja. Tangu mwaka 2013 matoleo yake mapya hupatikana kwa kulipia kila mwezi au kila mwaka, na kompyuta lazima iunganishwe na intaneti mara kwa mara ili leseni ithibitishwe. Inafanya kazi katika Windows na macOS, si katika Linux, na matoleo ya karibuni yanadai kumbukumbu isiyopungua GB 8, jambo linaloziacha nje laptopu nyingi za mitumba. Kuipakua na kuisimika hula gigabaiti kadhaa za bando. Najua zipo nakala zilizovunjwa kufuli zinazozunguka kwenye flashi kutoka mkono hadi mkono. Sizihesabu kuwa chaguo, kwa sababu huja na virusi, na kwa sababu anayeuza kazi yake kwa bei halali hana hoja ya kuichukua kazi ya mwenzake bure.

GIMP ilianzishwa mwaka 1995 na Spencer Kimball na Peter Mattis, wakati huo wakiwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Ni programu huria, haina malipo wala muda wa kwisha, na inapatikana kwa Windows, macOS na Linux. Ukishaisimika, huhitaji intaneti tena. Kompyuta yenye GB 4 huimudu kwa kazi ya ukubwa wa kisanduku chetu, ingawa itasitasita ukifungua picha kubwa za kamera.

Photopea, iliyotengenezwa na Ivan Kuckir na kuanza kutumika mwaka 2013, haisimikwi kabisa. Unafungua kivinjari, unaingia kwenye tovuti yake, na baada ya megabaiti chache meza ya kazi iko mbele yako. Haitozi malipo, ila pembeni utaona matangazo ambayo huondolewa kwa kulipia. Wengi hudhani kwamba picha zao hupandishwa kwenye kompyuta ya mbali; sivyo, kazi yote hufanyika ndani ya kompyuta yako mwenyewe, na ikishafunguka unaweza kuendelea hata mtandao ukikatika. Udhaifu wake ni kwamba inakula kumbukumbu ile ile inayogombewa na vichupo vingine ulivyofungua.

Umbo na mng'ao

Hapa panahitaji kukaa kidogo, kwa sababu visanduku vingi hushindwa kung'aa bila kosa la programu yoyote. Mchoraji hajauangalia mwanga, basi.

Aliyewahi kukaa katika nyumba ya kale ya Lamu na kuutazama mwanga wa kiwandani, yaani wa ua wa ndani usio na paa, unavyoingia hadi ukutani ana mwalimu wa bure. Ukuta wa chokaa huupokea mwanga na kuutawanya, hivyo doa la mwanga juu yake halina mwisho unaoweza kuushika kwa kidole. Sahani ya kaure iliyowekwa katika zidaka, vile vishubaka vya ukutani, huurudisha mwanga huo huo ukiwa umbo lenye ukingo mkali, kiasi kwamba ukiinama vizuri unaweza kuuona mlango wenyewe umejikunja ndani ya sahani. Hiyo ndiyo tofauti ya kitu kisichong'aa na kinachong'aa: kwenye kitu kinachong'aa mwanga una ukingo. Kijana anayepaka ukungu mweupe juu ya kisanduku na kuuacha ufifie taratibu hadi chini anachora chokaa, kisha anashangaa kwa nini kisanduku chake kinaonekana kama kanga iliyopauka kwa jua.

Kanuni ninayoitumia, na ambayo haibadiliki kwa programu, ni hii. Rangi ya msingi ianze na buluu ya wastani juu, ikolee kuelekea katikati, kisha ipate nuru kidogo karibu na ukingo wa chini, kama mwanga unaorudi kutoka mezani. Juu yake lije umbo jeupe lililofunika takriban sehemu mbili kwa tano za kimo. Weupe wake uwe na nguvu ya asilimia 50 hivi kwenye ukingo wa juu, upungue hadi asilimia 12 unapofika mwisho wa umbo, na hapo ukatike ghafla. Ukingo huo wa chini ukipindwa kidogo kama tumbo la mashua, kisanduku kitaonekana kimetuna. Mwanga wote utoke upande mmoja. Nimeona visanduku ambavyo mng'ao uko juu kushoto na kivuli nacho kimeangukia kushoto, na jicho la mtazamaji hulikataa jambo hilo hata kama hawezi kulieleza.

Katika Photoshop unalichora umbo kwa zana ya mstatili, unaandika 16 kwenye nafasi ya kona, na umbo hilo linabaki kuwa umbo: kesho ukitaka 24 unaandika 24. Mpito wa rangi (rangi moja inayogeuka nyingine taratibu), mstari wa ukingo na kivuli huwekwa kama mitindo ya leya (leya ni tabaka moja kati ya yale yanayopangwa juu ya mengine kuunda picha), yaani maagizo yanayoning'inia chini ya leya bila kuigusa. Kwa mng'ao unachora duara lililolala juu ya leya ya kisanduku, unalifunga kwenye leya ya chini ili lisivuke kona zake, kisha unalipa mpito wa weupe. Kazi yote haizidi leya mbili au tatu, na hakuna pikseli hata moja uliyoichafua.

Katika GIMP njia ni ndefu zaidi, ingawa si ngumu. Toleo la 3.0, lililotoka Machi 2025, halina leya za maumbo za namna ile. Unatumia zana ya kuteua mstatili, unawasha chaguo la kona za mviringo, unaandika 16, kisha ndani ya eneo hilo unamwaga mpito wa rangi kwenye leya mpya. Mpito wenyewe unaweza kuuvuta na kuurekebisha moja kwa moja juu ya picha hadi utakapouthibitisha. Ukishathibitisha, umekuwa pikseli. Kwa mng'ao unaligeuza umbo la kisanduku kuwa eneo teule, unalikatisha na duara kubwa ili libaki lile eneo wanaloshirikiana, unaongeza leya, unamwaga weupe unaofifia. Kivuli huwekwa kwa kichujio, na hapa toleo la 3.0 limepiga hatua ya kweli: vichujio hubaki hai juu ya leya, unaweza kuvizima, kuviwasha au kubadilisha namba zake, jambo ambalo katika toleo la 2.10 la mwaka 2018 halikuwezekana. Anayejifunza kwa GIMP hulazimika kuelewa eneo teule, leya na uwazi ni nini hasa, ilhali mwenye Photoshop anaweza kubofya mitindo kwa miaka bila kujua kinachotokea chini yake. Kwangu hiyo ni sifa, ijapokuwa anayekimbizana na mteja hataiona hivyo.

Photopea imejengwa kwa kufuata mpangilio wa Photoshop: maumbo yenye kona za kuandikwa kwa namba, mitindo ya leya, kufunga leya juu ya nyingine, yote yapo, na mara nyingi mahali pale pale. Hatua nilizozieleza kwa Photoshop nilizirudia hapa bila kubadilisha kitu cha maana. Tofauti iko katika mwendo: ukiweka leya nyingi zenye vivuli vikubwa, kivinjari huanza kuchelewa kuitikia, na kwenye skrini ndogo matangazo ya pembeni huila nafasi ya kazi. Kwa kisanduku kimoja hutaona tofauti hiyo. Kwa ukurasa mzima wenye visanduku kumi, utaiona.

Kurudi kurekebisha

Miaka kadhaa nyuma nilimchorea mwenye nyumba moja ya wageni kisanduku cha bei, nikaridhika nacho mno, nikayaandika maneno na bei ndani ya picha ile ile, nikahifadhi PNG, yaani picha iliyokamilika isiyo na leya zake, na kulifunga faili la kazi bila kulihifadhi. Masika yalipofika akanitumia ujumbe: bei za kusi zimeshuka, tafadhali badilisha namba tatu. Namba tatu hizo zilinigharimu jioni nzima, kwa kuwa nililazimika kukichora kisanduku upya kutoka mwanzo, na rangi ya pili haikufanana sawasawa na ile ya kwanza. Kosa lilikuwa langu tangu mwanzo hadi mwisho, na programu yoyote kati ya hizi tatu ingeniacha nilifanye.

Hata hivyo hazilingani katika kumsaidia anayerudi. Photoshop ndiyo inayosamehe zaidi: faili la PSD huhifadhi umbo, mpito na kivuli vikiwa bado maagizo, hivyo kubadilisha buluu kuwa kijani kibichi ni kazi ya dakika moja. Photopea huhifadhi PSD hiyo hiyo, nayo huifungua ile iliyotoka Photoshop mitindo yake ikiwa salama kwa sehemu kubwa. Kwa watu wawili wanaogawana kazi, mmoja akiwa na leseni na mwingine hana, hilo ni jambo kubwa. Lakini ndani ya kivinjari usiwe na mazoea ya kusahau: hifadhi PSD kwenye kompyuta kila unapomaliza hatua, kwa sababu kichupo hufungwa kwa kidole kimoja, na umeme wetu mnaujua.

GIMP huhifadhi kazi katika faili la XCF, lenye leya, maski (vifuniko vinavyoficha sehemu za leya) na, tangu toleo la 3.0, vichujio hai. Rangi ya msingi iliyokwisha kumwagwa ndiyo isiyobadilishwa kwa kuandika namba. Utalazimika kuumwaga mpito mwingine juu yake. Dawa yake ni kuhifadhi eneo teule la kisanduku ndani ya faili, kama njia au kama chaneli, ili siku ya kurudi uliite na kumwaga rangi mpya bila kupima upya. GIMP huweza pia kufungua PSD, lakini mitindo ya leya isitegemewe kufika kama ilivyoondoka.

Kukitoa kisanduku kwenda kwenye tovuti

Suala la kwanza ni aina ya faili. JPEG haina uwazi, kwa hiyo kona zilizoviringwa zitakuja na pembe nyeupe nyuma yake. Kwa kisanduku chenye kona na kivuli chaguo ni PNG au WebP. WebP mara nyingi huwa na uzito mdogo zaidi, jambo linalomgusa mgeni anayeitazama tovuti kwa bando la simu. GIMP imekuwa ikihifadhi WebP yenyewe tangu toleo la 2.10, Photopea nayo huitoa, na Photoshop ilianza kuihifadhi bila programu-jalizi mwaka 2022.

Suala la pili hujitokeza katika mipito ya rangi hasa: michirizi. Mpito mrefu kati ya buluu mbili zinazokaribiana una ngazi chache za rangi, na macho huziona ngazi hizo kama mistari. Photoshop na GIMP zina chaguo la kunyunyiza pikseli ili kuzificha ngazi, na GIMP huweza kuifanya kazi nzima kwa kina cha biti 16 au 32 kwa kila chaneli kabla ya kuitoa. Lakini kunyunyiza kuna bei yake: PNG hubana vizuri pale ambapo pikseli za mstari mmoja zinafanana, na ukizinyunyiza faili huongezeka uzito. Kwa kisanduku kifupi cha pikseli 420 mimi huacha kunyunyiza. Kwa mandhari ya ukurasa mzima ningenyunyiza. PNG ya rangi 256 usiitumie kwa mng'ao hata kidogo.

Suala la tatu ndilo linaloamua mengi: kisanduku kitakaporefuka itakuwaje? Maneno ya mteja yakiongezeka, picha ya kimo cha pikseli 420 haitanyooka bila kuharibika. Njia ya zamani ni kuikata katika vipande vitatu: cha juu, cha katikati chenye kimo cha pikseli moja kinachorudiwa mara nyingi kadiri inavyohitajika, na cha chini. Njia hiyo ina sharti ambalo wengi hulijua baada ya kumaliza kuchora, nalo ni kwamba kipande cha kati lazima kiwe na rangi moja kutoka juu hadi chini. Katika kisanduku chetu mng'ao unaishia kwenye pikseli ya 168. Basi mpito wa rangi nao umalizike kabla ya pikseli ya 200, kipande cha juu kikatwe hapo, na pikseli 60 za mwisho zibebe nuru ya chini, kona na kivuli. Ukiuacha mpito utambae kutoka juu hadi chini kabisa, hakuna mahali pa kukata. Photoshop ina zana maalumu ya vipande inayovitoa vyote kwa mkupuo mmoja. Photopea nayo ina vipande. Katika GIMP mimi huweka miongozo na kuigawa picha kwa kuifuata, na hesabu hutoka sawa.

Kisha kuna simu. Upana wa simu nyingi, kwa hesabu ya kivinjari, ni pikseli 360 hadi 430, na kisanduku cha 640 hakiingii. Hapo ndipo inapobidi kusema wazi kwamba sehemu kubwa ya mng'ao huu siku hizi haihitaji picha. Vivinjari vyote vya sasa huelewa maagizo ya CSS, lugha inayopanga sura ya ukurasa wa tovuti: "border-radius" kwa kona, "box-shadow" kwa kivuli na "linear-gradient" kwa mpito. Mafunzo ya zamani yaliyojaa kukata kona yaliandikwa wakati Internet Explorer, kivinjari cha Microsoft, haikuyajua mambo hayo, maana kona na vivuli ilivipata katika toleo la 9 mwaka 2011, na mipito ya rangi katika toleo la 10 mwaka 2012. Hata ule ukingo mkali wa kaure unapatikana: katika mpito weka vituo viwili mahali pamoja, kwa mfano kwenye asilimia 40, kimoja kikiwa weupe wa asilimia 12 na cha pili uwazi mtupu, na mwanga utakatika hapo hapo. Kisanduku cha namna hiyo hurefuka na kusinyaa chenyewe, na uzito wake ni herufi chache tu.

Je, programu za picha zimekosa kazi? La. Zinabaki kuwa meza ya kujaribia, mahali pa kuziona rangi na kuzipata namba kabla ya kuandika msimbo, na Photoshop huweza hata kukupa sifa za leya zikiwa tayari kama CSS. Zinabaki pia kwa kile ambacho msimbo haukipati kwa urahisi: mng'ao uliochorwa kwa mkono, nakshi ya mlango iliyofifizwa chini ya kioo, au tone la maji lenye taswira ya jahazi ndani yake.

Maneno yasiingie ndani ya picha, kwa programu yoyote ile. Maneno yaliyochorwa hayatafutiki, hayasomwi na programu zinazowasomea wasioona, na hayatafsiriki kwa mgeni wa Kiitaliano aliyeteremka kutoka Malindi. Pima pia yanavyosomeka: miongozo ya WCAG, inayohusu tovuti kutumika na kila mtu hata asiyeona vizuri, hutaka tofauti ya mwanga ya angalau 4.5 kwa 1 kati ya maneno ya kawaida na mandhari yake, na maneno meupe yakipanda juu ya mng'ao mweupe hushuka chini ya kiwango hicho mara moja. Ama shusha maneno chini ya ukingo wa mng'ao, ama punguza nguvu ya mng'ao.

Ipi kwa hali ipi

Ikiwa unaishi kwa kazi hii, una wateja wanaokuletea mafaili ya PSD kutoka Mombasa au Nairobi, na kompyuta yako ina kumbukumbu ya kutosha, Photoshop itairudisha ada yake kwa saa utakazookoa wakati wa marekebisho. Ikiwa una mteja mmoja kila msimu, ada ya kila mwezi itaimeza faida yako, nawe huna sababu ya kujibebesha mzigo huo.

Aliye na laptopu ya mtumba, anayetumia Linux, au anayekaa mahali ambapo mtandao haushikiki, kama vile upande wa Faza na Kizingitini kisiwani Pate siku mbaya, aichukue GIMP, na achukue toleo la 3.0 au jipya zaidi badala ya 2.10, kwa ajili ya vichujio hai. Ndiyo pia ningeifundishia darasani, kwa kuwa mwanafunzi hubaki nayo baada ya kozi kwisha.

Anayetumia kompyuta isiyo yake, ya saiba au ya ofisini, ambako haruhusiwi kusimika kitu, Photopea ndiyo yake. Vilevile aliyetumiwa PSD na kuombwa kubadilisha rangi tu kabla ya alasiri. Abebe flashi na ahifadhi PSD humo kabla ya kuondoka kwenye kiti.

Mkiwa wawili au watatu mnaogawana kazi, amueni kwanza aina ya faili kabla ya programu: PSD ikiwa kuna mwenye Photoshop miongoni mwenu na wengine watumie Photopea, XCF ikiwa nyote mko GIMP. Kuchanganya ndiko kunakopoteza mitindo ya leya njiani.

Kwa tovuti itakayotazamwa zaidi kwa simu, na maneno yake yakibadilika kila kusi na kaskazi, ichague programu yoyote kati ya hizi kwa ajili ya kupata rangi na namba, kisha kisanduku chenyewe kijengwe kwa CSS. Na aliyerithi tovuti ya mtu mwingine, akapewa PNG peke yake bila faili la kazi, asijaribu kuifuta bei ya zamani kwa brashi: achukue rangi za kisanduku kwa zana ya kudonoa rangi, ile ya juu, ya kati na ya chini, apime kona na mahali mng'ao unapokatika, akijenge upya kwa namba hizo, kisha alihifadhi faili la kazi pale ambapo mwenye nyumba naye anaweza kulipata.